Jiko Moja, Sindano Moja: Mbinu za Kukaa Nyumbani Masika ya Babati

Sisi Watanzania hatukufungiwa ndani. Mwaka 2020 wenzetu wa Kampala na Kigali walikatazwa kutoka, Nairobi wakawekewa kafyu ya usiku, na hapa Babati soko likaendelea kama kawaida. Lakini nyumba zilijaa. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Arusha tarehe 16 Machi, kesho yake shule zikafungwa. Kidato cha sita walirudi 1 Juni, wadogo zao wakasubiri hadi 29 Juni. Miezi mitatu na ushee ya watoto nyumbani, mvua nje, tope hadi mlangoni, na wewe hutaki hata kusogeleana na mtu anayekohoa.

Hali hiyo haihitaji korona ili irudi. Kuna likizo ya uzazi. Kuna mguu uliofungwa POP. Kuna masika yenyewe, ambayo kila mwaka yana wiki zake za kumfanya mtu aghairi safari akiwa tayari amevaa viatu. Siku hizo zina kazi mbili zinazopatana sana: kusindika chakula na kazi za mikono.

Zinapatana kwa sababu kusindika, sehemu kubwa, ni kusubiri. Sufuria ichemke, rojo lizidi kuwa zito, chupa zipoe. Ukisubiri mikono mitupu utashika simu, na jamu itaungua. Ukishika sindano unabaki karibu na jiko, unasikia sufuria inapobadili sauti, na jioni una chupa nne za jamu pamoja na robo ya zulia la mlangoni.

Kwa hiyo kabla hujawasha moto, andaa kikapu cha kazi ya mkono na ukiweke pale pale jikoni. Kisikae chumbani. Kikikaa chumbani hutakifuata.

Angalia mbingu kabla ya kwenda sokoni

Wengi wakisikia kuhifadhi chakula wanawaza kuanika. Babati kuanzia Machi hadi Mei, kuanika sahau. Mawingu yanalala juu ya Mlima Kwaraa asubuhi, jua linachungulia kidogo, halafu mvua inarudi kabla majani hayajasinyaa. Kitu kilichokauka nusu huota kuvu kwa siku mbili.

Fuata hili: mvua ikinyesha, tumia moto, chumvi, siki na sukari. Jua likitulia, kuanzia Juni hadi Oktoba, ndipo uanike. Ukilishika hilo tu, umeepuka nusu ya hasara za wanaoanza.

Sokoni usiende na orodha. Nenda uone kilichofurika. Mapera yakiwa yamejaa kwenye mabeseni, siku hiyo ni ya mapera. Kabichi ikishuka bei, ni ya kabichi. Anayenunua nyanya za kusindika wakati bei ya tenga iko juu anajitafutia hasara, bora angenunua kopo dukani.

Nenda mchana ukikaribia kwisha. Muuzaji anayetaka kurudi nyumbani hupunguza bei bila kubembelezwa sana. Ila usikubali kilichooza eti "utakata pembeni". Kwa mchuzi wa leo sawa. Kwa chupa ya kukaa miezi, hapana.

Anza kidogo. Kilo mbili za matunda zinatosha. Sufuria kubwa ya jamu huchelewa kushika, rangi inakuwa nyeusi, na mkaa unakwisha kabla yake.

Kipi kiingie kwenye chupa, kipi kisiingie

Hapa naomba utulie, maana ndipo penye hatari.

Chakula kichachu, yaani matunda mengi na kitu chochote kilichotiwa siki ya kutosha, unaweza kukifunga kwenye chupa na kukichemsha kwa sufuria ya kawaida. Chakula kisicho na uchachu, usijaribu. Maharage, mbaazi, mahindi mabichi, mchicha, nyama, perege na kambale wa ziwani: hivyo visifungwe kwenye chupa na kuwekwa kabatini.

Sababu ni bakteria wa botulizimu. Mbegu zake hazifi kwa maji yanayochemka, na hupenda mahali pasipo hewa wala uchachu, yaani ndani kabisa ya chupa yako nzuri iliyofungwa vizuri. Sumu yake inaua, na chakula kinaweza kuwa nayo bila harufu wala dalili yoyote. Viwanda hutumia mitambo ya mvuke wenye mgandamizo. Wewe huna. Basi maharage yabaki makavu kwenye mfuko.

Hiyo hiyo inahusu vitunguu saumu. Mbulu wanatuletea vizuri kabisa, na mafuta ya alizeti tunayo, kwa hiyo kishawishi cha kumenya punje na kuzizamisha ndani ya mafuta ni kikubwa. Usiache mchanganyiko huo kabatini. Kama unataka punje zilizomenywa, zizamishe kwenye siki na uweke kwenye friji. Kama huna friji, vifunge mafungu na uvining'inize penye hewa, vitakaa muda mrefu bila kukusumbua.

Jambo la pili ni mwinuko. Babati tuko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Maji huku huchemka kwenye nyuzi 95 au 96 hivi, hayafiki 100 kama Tanga. Utaona mapovu yale yale, ila joto ni pungufu. Ndiyo maana muda wa kuchemsha ulioandikwa na mtu wa Pwani haukutoshi. Muda nitakaoutaja hapa ni wa mwinuko wetu.

Jamu ya mapera

Kama utajifunza kitu kimoja tu, kiwe hiki. Pera lina pektini nyingi, ile inayofanya jamu ishike, kwa hiyo linamsamehe anayeanza. Nanasi halisamehi hivyo.

Anza na chupa. Chukua za kioo za mdomo mpana, zile za siagi ya karanga au mayonezi, zenye vifuniko vya bati. Kifuniko kilichopinda, chenye kutu au kilichochubuka ndani, tupa. Osha kwa sabuni, suuza, kisha zichemshe chupa dakika 15. Ziache humo humo kwenye maji ya moto hadi utakapozihitaji.

Chagua mapera yaliyoiva na uchanganye na machache ambayo bado ni magumu kidogo. Hayo magumu ndiyo yenye pektini zaidi. Kata ncha, gawanya vipande vinne, tia maji yafunike juu kidogo tu. Chemsha yalainike kabisa. Ponda kwa mwiko, pitisha kwenye chujio ili mbegu zibaki nyuma.

Huna mizani? Tumia kikombe. Kikombe kimoja cha rojo, kikombe kimoja cha sukari. Ongeza maji ya ndimu mbili kwa kila vikombe vinne vya rojo. Sukari hapa inafanya kazi ya kuhifadhi pamoja na kuongeza utamu, kwa hiyo usiipunguze sana halafu utegemee ikae miezi.

Tumia sufuria pana, na isijae kupita nusu. Jamu huinuka kwa povu na ikimwagika jikoni utaitafuta sakafuni wiki nzima. Anza kwa moto mdogo hadi sukari iyeyuke, kisha ongeza moto ichemke kwa nguvu. Koroga kwa mwiko mrefu. Inarusha matone, na tone la jamu linaunguza kuliko maji.

Kujua kama imeiva, weka kisahani mahali pa baridi mapema. Dondosha tone moja juu yake, subiri kidogo, lisukume kwa kidole. Likifanya mikunjo, epua. Likikimbia kama uji, endelea dakika chache ujaribu tena. Wakati wa kujaribu, shusha sufuria motoni, la sivyo itapita kiwango huku wewe unatazama kisahani.

Mimina jamu ya moto kwenye chupa za moto. Usiziweke chupa juu ya sakafu ya saruji yenye baridi, zitapasuka. Ziweke juu ya ubao au taulo lililokunjwa. Acha nafasi ndogo juu, unene wa penseli hivi. Futa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi chenye unyevu. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayofanya kifuniko kisishike.

Funga, kisha zirudishe chupa kwenye sufuria yenye kitambaa chini na maji yanayozifunika kabisa. Zichemke dakika 10. Toa, weka juu ya taulo, usiziguse hadi kesho.

Kesho bonyeza katikati ya kifuniko. Kikiwa kimeingia ndani na hakichezi, chupa imefunga. Kikibonyea na kurudi, hiyo haikufunga. Hujapoteza kitu, ila ianze kuliwa leo, na ikae kwenye friji kama unayo.

Sukari ikipanda bei, usilazimishe jamu. Mwaka 2020 huo huo sukari iliadimika nchini kuanzia Aprili, Serikali ikatangaza bei elekezi, na bado ilikuwa taabu kuipata kwa bei hiyo. Miezi kama hiyo nenda kwenye chumvi na siki.

Kabichi, pilipili, nyanya

Kabichi ya kuchachusha haitaki moto wala jua, kwa hiyo ni kazi ya siku mbaya kuliko zote. Katakata nyembamba. Kila kilo moja, tia kijiko kimoja cha chakula cha chumvi, kilichojaa. Ikande kwa mikono safi hadi itoe maji yake. Ishindilie kwenye chupa au ndoo ndogo ya plastiki ya chakula, juu yake weka kitu kizito kilicho safi, kabichi yote izame ndani ya maji yake.

Funika kwa kitambaa. Kwa baridi yetu ya Mei na Juni subiri wiki tatu. Itatoa povu na harufu kali ya uchachu, hiyo ndiyo inavyotakiwa. Kipande kinachoelea juu ya maji kiondoe, ndicho huanza kuota kuvu. Mimi naipenda na maharage. Wako watakaokukataa mezani, usiwalazimishe.

Pilipili ni rahisi na huliwa haraka. Chemsha pilipili mbuzi na karoti, kitunguu saumu na chumvi ndani ya siki, dakika 15 hivi. Saga, rudisha motoni ichemke tena, jaza kwenye chupa. Siki isipungue nusu ya ujazo wote. Soma chupa ya siki unaponunua: iwe imeandikwa asilimia 5 au zaidi. Isiyoandikwa chochote iache dukani.

Unapokata pilipili, vaa mfuko wa plastiki mikononi, fungua madirisha, na watoto watoke jikoni. Usiguse macho. Ukiwa unamnyonyesha mtoto, kazi hii mpe mtu mwingine.

Nyanya zinahitaji uangalifu kidogo, maana uchachu wake uko mpakani. Zitumbukize kwenye maji ya moto dakika moja, maganda yatatoka yenyewe. Kata, ponda, chemsha dakika tano. Kisha, hapa usisahau, tia siki vijiko vinne vya chakula kwa kila lita, yaani viwili kwa chupa ya nusu lita. Sukari kidogo itaondoa ukali wake.

Usitie kitunguu wala hoho ndani ya chupa hiyo. Vinapunguza uchachu. Utavikaanga siku ya kupika. Acha nafasi ya kidole kimoja juu, funga, na chupa za nusu lita zichemke dakika 45 nzima huku maji yamezifunika. Ndiyo, dakika 45 ni nyingi. Hapo ndipo kile kikapu chako kinapofanya kazi.

Moto ukishawashwa, usiuache uishe bure. Panga kazi: kwanza chupa zichemke, halafu jamu au nyanya, na mkaa unaokwisha uutumie kwa samli. Samli inataka moto mdogo kabisa na subira.

Maziwa Babati hayana shida, ukimjua mfugaji. Kusanya utando wa juu siku kadhaa mahali pa baridi, utikise kwenye kibuyu au chupa kubwa hadi siagi itengane. Ioshe kwa maji baridi mara kadhaa hadi maji yatoke safi. Iyeyushe polepole. Mapovu yakinyamaza na mashapo ya chini yakigeuka kahawia, epua na uchuje. Usisubiri yawe meusi.

Kikapu cha jikoni

Kazi ya mkono ya jikoni iwe ile unayoweza kuitupa chini ghafla jamu inapoinuka. Kwa hiyo isiwe na kuhesabu sana. Vitambaa vya makochi vyenye maua magumu fuma ukiwa umetulia sebuleni.

Zulia la mlangoni ndilo ninalolipendekeza kwanza. Masika hayana msamaha kwa sakafu, na unavyovihitaji vimo ndani ya nyumba: kiroba kitupu, fulana zilizochakaa, mkasi, na ndoano.

Ndoano usinunue. Mwombe fundi baiskeli spoku iliyokufa. Kata urefu wa kiganja, pinda ncha kwa plaizi iwe ndoano ndogo, isugue kwa tupa isikwaruze. Upande wa pili zungushia kitambaa au uuchomeke kwenye kijiti upate mpini. Spoku hiyo hiyo ikilainishwa vizuri hufaa pia kufumia uzi mwembamba.

Kiroba kikunje mara mbili kisichanike, pinda kingo, shona kuzunguka. Kata fulana vipande vya upana wa vidole viwili na urefu wa kidole. Toboa, vuta kipande, kipite tundu la pili, funga fundo. Songa mstari kwa mstari kutoka ukingo mmoja, bana karibu karibu. Usianzie katikati kwa ua ukiwa bado mgeni, utaishia na zulia lenye kibiongo. Ukimaliza, sawazisha juu kwa mkasi.

Ukipenda kufuma, anza na vishikio vya sufuria. Ni vidogo, vinakwisha siku hiyo hiyo, na utavitumia kesho. Ila tumia uzi wa pamba. Nyuzi nyingi za sweta zinazouzwa madukani ni akriliki, na akriliki huyeyuka ikigusa sufuria ya moto. Kama hujui ni uzi gani, choma ncha kidogo: pamba huungua ikaacha majivu, akriliki hujikunja na kuwa tone gumu.

Mwenye cherehani aende kwa viraka vya kitenge. Mafundi nguo wana mifuko ya vipande ambavyo wengine hutupa. Omba kwa adabu, na siku nyingine umpelekee chupa ya pilipili. Fua vipande vyote kabla ya kushona, maana kitenge kipya hurudi. Tengeneza kipimo cha kadibodi cha sentimita 12 kwa 12, kata vyote kwa hicho, shona kwa mshono wa sentimita moja. Piga pasi kila mshono kabla ya kwenda kwenye unaofuata. Ukiruka pasi, foronya itakaa upande.

Mwaka 2020 vipande hivyo viliishia kwenye barakoa, na ushauri wa Shirika la Afya Duniani, uliotolewa Juni mwaka huo, ulikuwa barakoa ya kitambaa iwe na matabaka matatu. Ukishona leo, fuata hayo matatu. La ndani liwe la pamba.

Wala kukaa ndani na kushona si jambo geni mkoa huu. Wairaqw walikuwa na unyago wa wasichana ulioitwa marmo, ambapo mabinti walitengwa ndani kwa miezi na humo wakashona sketi za ngozi zilizojaa shanga. Desturi ilikoma enzi za ukoloni. Sketi zenyewe ziko kwenye makumbusho hadi ng'ambo. Ukiwa na mzee wa Kiiraqw au wa Kibarbaig karibu anayejua kutunga shanga, kaa naye alasiri moja ya mvua. Mfundishaji wa namna hiyo hapatikani YouTube.

Watoto wape kazi za kweli. Mkubwa apime sukari kwa kikombe, anayefuata aandike lebo, mdogo achague mapera yaliyooza. Wakichoka, waya na maboksi vinatosha kutengeneza gari, na soksi zilizopoteza wenzake ni mpira. Jambo moja tu lisijadiliwe: wakati wa kumimina jamu, mtoto hayupo jikoni.

Baada ya chupa kufungwa

Andika lebo siku hiyo hiyo. Jina na tarehe. Kesho utakuwa umesahau kama ile nyekundu ni nyanya au pilipili, na mgeni wako ndiye atakayegundua.

Weka mahali pakavu, penye giza na baridi. Juu ya friji hapafai, pana joto. Chini ya kitanda panafaa kuliko unavyodhani. Chupa mpya nyuma, za zamani mbele. Kula ndani ya mwaka, na zenye vifuniko vilivyowahi kutumika zisizidi miezi mitatu.

Kifuniko kikivimba, kikitoa hewa kinapofunguliwa, au ukiona povu na kuvu, tupa chote. Usionje kuhakikisha. Tupa mbali na kuku na mbwa.

Ukianza kuombwa na majirani, wape kwanza uone nani anarudi na chupa tupu. Kuuza ni hatua nyingine. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, hufundisha usindikaji. Nenda ukaulize ratiba yao kabla ya kununua mashine yoyote. Usajili wa vyakula tangu 2019 uko TBS, shirika la viwango, na huko watataka kuona jiko lako. Usichapishe lebo elfu moja kabla ya hapo.

Mvua ikikatika, hamishia kazi uani. Anza na mboga za majani: mchicha, mnafu, majani ya kunde. Yatumbukize kwenye maji yanayochemka dakika mbili, toa, zamisha kwenye maji baridi, kamua taratibu. Kausha kivulini penye upepo au chini ya kitambaa cheusi, maana jua kali la moja kwa moja hula vitamini A na rangi. Wasukuma hukausha majani ya kunde hivyo na kuyaita nsansa, na ukiyapika kwa karanga utaelewa kwa nini hawayaachi.

Ukiwa na mbao, tengeneza kaushio: kisanduku chenye sakafu nyeusi, nailoni angavu juu, matundu ya hewa mbele na nyuma yaliyozibwa kwa chandarua cha zamani. Kiinamishe kielekee jua. Nzi hawaingii, vumbi la barabarani haliingii, na embe la Desemba likikatwa nyembamba, milimita tano hivi, litakauka humo siku mvua za vuli zinapopumzika.

Majani yamekauka yakivunjika mkononi. Embe limekauka likikunjika bila kutoa maji. Kabla ya kufungia moja kwa moja, weka kwenye chupa kavu kwa wiki moja na uitikise kila siku. Ukiona mvuke kwenye kioo, rudisha vikauke tena. Na mbaazi mbichi zikianza kufika sokoni, chambua, pika na nazi, zinazobaki shambani ziache zikauke, zije kwenye mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa. Kwenye chupa, hata ukizionea huruma, usizitie.